Stempu na Postikadi za China Katika Masanduku Yetu: Tuzisome, Tuzitunze, Tusidanganywe



Katika nyumba nyingi za Mhunze na vijiji vingine vya Wilaya ya Kishapu bado kuna sanduku la bati au begi la zamani chini ya kitanda. Humo mna vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki, risiti za pamba na barua zilizofungwa kwa uzi. Mara nyingine, katikati ya barua hizo, hukutwa kitu kidogo chenye maandishi ya Kichina: stempu yenye picha ya maua, postikadi ya daraja au hekalu, bahasha yenye mihuri miwili ya posta.

Tumeona vitu hivi vikiishia katika njia tatu. Watoto huvichezea hadi vinachanika. Au husafishwa nyumba na vikatumika kuwashia moto. Au hupita mtu mwenye maneno mengi, akasema stempu hiyo ina thamani ya mamilioni, kisha akaomba "ada ya kupima" kabla ya kumtafuta mnunuzi ambaye hatokei kamwe. Njia zote tatu zinatokana na jambo moja: hatujui kusoma tulichonacho. Makala haya yanaeleza vitu hivi ni nini, vilifikaje kwetu, vinasomwaje, vinatunzwaje, na kwa nini Mkristo anaweza kuvikusanya bila kuwa mtumwa wavyo.

Stempu ni nini hasa?

Zamani, katika nchi nyingi, aliyelipia barua alikuwa mpokeaji. Mjumbe alifika mlangoni na barua na kudai fedha. Maskini aliitazama barua ya mwanawe na kuirudisha kwa kukosa nauli yake. Mwaka 1840 Uingereza ilibadili utaratibu huo kufuatia mapendekezo ya Rowland Hill: mtumaji alipe kwanza, na kipande kidogo cha karatasi kibandikwe kuthibitisha kwamba deni limeshalipwa. Hiyo ndiyo stempu ya kwanza duniani, nyeusi, yenye sura ya Malkia Victoria.

Mwaka 1864 Mfaransa Georges Herpin aliunda jina la elimu na ukusanyaji wa stempu, ambalo kwa Kiswahili tunaliita filateli. Alitumia maneno mawili ya Kigiriki: *philos*, yaani mpenzi au rafiki, na *ateleia*, yaani kutodaiwa ushuru. Sisi tunaojifunza imani tunaelewa haraka uzuri wa neno hilo. Stempu humwambia mpokeaji kwamba kuna mtu amemlipia, yeye afungue tu. Katekista anayetafuta mfano rahisi wa kueleza neema anaweza kuanzia hapo.

Stempu ziko za aina mbili kuu. Za kawaida huchapishwa kwa wingi na kutumika miaka mingi bila kubadilika. Za kumbukumbu hutolewa kwa tukio, mtu au maadhimisho fulani, huchapishwa kwa muda mfupi, kisha huisha. Hizi za pili ndizo wakusanyaji huzitafuta zaidi, kwa sababu kila moja inasema: siku ile, nchi hii iliona jambo hili linafaa kukumbukwa.

Hata ardhi yetu imo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilitoa seti yake ya stempu, na ile ya shilingi 10 ilikuwa na picha ya almasi na mgodi. Anayeishi Kishapu hahitaji kuambiwa almasi ya Tanganyika ilitoka wapi. Mwadui iko wilayani kwetu, na almasi zimechimbwa pale tangu John Williamson alipozigundua mwaka 1940.

Karatasi za China zilifikaje Usukumani?

Njia ya kwanza ilikuwa ya kiserikali. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huohuo. Mwaka 1967 ulitiwa saini mkataba wa reli ya Tanzania na Zambia. Madaktari wa China walianza kuhudumu Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Watanzania nao walikwenda China kusoma, na wanafunzi wa wakati ule waliandika barua nyumbani kwa sababu hapakuwa na njia nyingine rahisi.

Njia ya pili ilikuwa redio. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking, ambayo baadaye tuliijua kama Radio China Kimataifa, ilianza kurusha matangazo mwaka 1961. Wasikilizaji wa kanda yetu walikuwa waandishi hodari wa barua na kadi za salamu, na majibu yaliyotoka Beijing yalifika kwenye sanduku la posta la shule, la parokia au la kiwanda cha kuchambulia pamba. Ndiyo maana bahasha ya China inaweza kupatikana katika nyumba ambayo hakuna mtu wake aliyewahi kupanda ndege.

Njia ya tatu ni ya siku hizi: wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo, na mafundi wa Kichina wanaofanya kazi za barabara na migodi kati ya Shinyanga na Geita.

Kuna pia uzi wa nne, mwembamba zaidi, unaotuhusu sisi Wakatoliki. Shirika la Maryknoll lilianzishwa Marekani mwaka 1911, na wamisionari wake wa kwanza walipelekwa China mwaka 1918. Ni shirika hilohilo lililokuja kufanya kazi Shinyanga katika miaka ya 1950, na Edward McGurkin, Askofu wa kwanza wa Jimbo la Shinyanga kuanzia mwaka 1956, alikuwa mwanashirika wake. Kabla reli haijaota mtu, China na Shinyanga zilikuwa tayari zimeunganishwa na watu waliobeba Injili.

Kusoma stempu ya China hatua kwa hatua

Mtu asiyejua Kichina anaweza kupata mambo matatu kutoka kwenye stempu ya China: kipindi chake, thamani yake na namba yake.

Kwanza, jina la posta. Stempu za mwanzo kabisa za Jamhuri ya Watu wa China, za mwaka 1949 na 1950, zina maandishi 中华人民邮政. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1991 yakawa 中国人民邮政, yaani Posta ya Watu wa China. Tangu mwaka 1992 ni 中国邮政, pamoja na neno CHINA kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo ukiona neno CHINA kwa herufi tunazozijua karibu na herufi hizo nne, umeshajua kwamba stempu si ya zamani kuliko 1992.

Pili, thamani. Yuan moja ina fen 100. Herufi 分 ni fen. Kwa miaka mingi barua ya kawaida ya ndani ya China ililipiwa fen 8, hadi bei ilipopanda kuwa fen 20 mwaka 1990. Ndiyo sababu stempu nyingi za zamani zina tarakimu 8. Barua iliyokuja Tanzania kwa ndege ilihitaji zaidi, hivyo bahasha iliyofika Mhunze kwa kawaida ina stempu ya thamani kubwa au stempu kadhaa zilizopangwa pamoja.

Tatu, namba ndogo iliyo chini. Hapa ndipo China iliwarahisishia wakusanyaji kazi kuliko nchi nyingi. Kuanzia mwaka 1949 hadi 1967 stempu za kumbukumbu zilianza na herufi 纪 (ji), na zile za mada maalumu, kama maua, wanyama na sanaa, zilianza na 特 (te). Kuanzia 1974 hadi 1991 zikatumika herufi za Kilatini J na T kwa maana hizohizo. Tuchukue mfano: J.58 (4-1) 1980. Maana yake ni stempu ya kumbukumbu, toleo la 58, seti yenye stempu 4, hii ni ya 1, mwaka 1980. Ukiwa nayo moja, unajua papo hapo kwamba zimebaki tatu. Tangu mwaka 1992 mwaka wenyewe hutangulia, kisha namba ya toleo katika mwaka huo.

Kuna pengo katikati. Kati ya mwaka 1967 na 1970, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, stempu hazikuwekewa namba hizo, na kati ya 1970 na 1973 ziliwekewa namba tu bila herufi. Pengo hilo nalo ni historia. Katika miaka ile makanisa yalifungwa, na hata kukusanya stempu kulionekana ni tabia ya mabepari.

Angalia pia muhuri. Wachina huandika tarehe kwa kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Muhuri unaosomeka 1987.3.5 ni wa tarehe 5 Machi, si 3 Mei. Bahasha ikiwa na muhuri wa China na pia muhuri wa kufika Tanzania, unaweza kuhesabu barua ilisafiri siku ngapi.

Postikadi nazo

Postikadi ni barua isiyo na bahasha. Austria ndiyo iliyotoa ya kwanza ya kiposta mwaka 1869, na China ikatoa yake mwaka 1897 chini ya utawala wa Qing. Wachina huiita *mingxinpian*, maana yake kipande cha barua iliyo wazi. Jina hilo linatukumbusha kitu muhimu tunapoisoma: aliyeandika alijua kwamba karani, mpanda baiskeli wa posta na jirani wangeweza kuusoma ujumbe wake. Salamu fupi na za heshima juu ya postikadi hazina maana kwamba mwandishi hakuwa na mengi moyoni.

Tutofautishe aina tatu. Kuna postikadi ya picha tupu, ambayo mtumaji huibandika stempu mwenyewe. Kuna postikadi ya posta, ambayo stempu imechapwa humohumo kwenye karatasi, nayo usijaribu kamwe kuikata stempu hiyo, kwa maana ukiikata umeharibu vyote viwili. Na kuna kadi ambayo picha yake, stempu iliyobandikwa upande huohuo wa picha, na muhuri vyote vinahusu jambo moja. Wakusanyaji huipenda hii ya tatu, lakini ile iliyoandikwa kwa mkono na mtu wa ukoo wako ina kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Joka la Wachina na joka la Ufunuo

Stempu za kwanza kabisa za China, zilizotolewa na idara ya forodha mwaka 1878, zilikuwa na picha ya joka. Joka limerudi mara nyingi baadaye, kwenye stempu za mwaka mpya na kwenye kadi nyekundu za salamu. Hapa kwetu tumesikia watu wakisema karatasi za namna hiyo si za kuwekwa katika nyumba ya Mkristo, kwamba ni alama za dini za siri.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha pili cha *De doctrina christiana*, anatenganisha alama za asili na alama zilizowekwa na watu. Moshi ni alama ya asili ya moto, wala haukuhitaji makubaliano ya mtu yeyote. Neno, mlio wa tarumbeta au mchoro ni alama kwa sababu watu wamekubaliana maana yake. Joka lililochorwa ni alama ya aina ya pili. Katika Ufunuo sura ya 12 joka ni adui wa Mungu. Katika utamaduni wa China joka ni alama ya mfalme, baraka na mvua. Msukuma anayejua kwamba watemi wa zamani walihusishwa na mvua hatashangaa kwamba taifa la wakulima liliunganisha utawala na mvua. Mchoro unaweza kufanana na maana ikawa mbali kabisa. Kuchukua maana ya kwetu na kuibandika kwenye alama ya mwingine ni kosa la kusoma, na mara nyingi huzaa hofu isiyo na sababu.

Lakini kusoma vizuri kunadai pia tusiwe wepesi wa kuamini. Stempu ni sauti ya serikali iliyoitoa. Inaonyesha kile ambacho serikali ilitaka kionekane. Mwaka 1968 China ilichapa stempu iliyotangaza kwamba nchi nzima imekuwa nyekundu, ikiwa na ramani ya China. Iliondolewa haraka kwa sababu kisiwa cha Taiwan hakikupakwa rangi nyekundu. Chache zilizokwisha kutoka ndizo leo zinatafutwa sana. Nani alilala njaa mwaka huo, nani alifungwa, kanisa gani lilifungwa, stempu haisemi. Mkusanyaji mwaminifu huuliza stempu inasema nini, kisha huuliza pia inanyamazia nini.

Mkatoliki kwenye stempu ya fen 8

Mfano mzuri ni ile J.58 tuliyoitaja. Seti hiyo ya Novemba 1980 inawakumbuka wanasayansi wa kale wa China, na stempu yake ya kwanza ina sura ya Xu Guangqi. Alizaliwa Shanghai mwaka 1562 na kufariki mwaka 1633, akiwa mmoja wa maofisa wakubwa wa dola ya Ming. Aliandika kitabu kikubwa cha kilimo, na aliandika hasa juu ya kupanda viazi vitamu ili watu wapate chakula wakati mavuno mengine yanaposhindwa. Sisi tuliolelewa kwa michembe na matobolwa tunajua vizuri kiazi kitamu kinavyookoa nyumba katika mwaka wa ukame.

Jambo ambalo stempu haisemi ni kwamba Xu Guangqi alikuwa Mkatoliki. Alibatizwa mwaka 1603 kwa jina la Paulo. Alikuwa rafiki na mwenzake kikazi wa Mjesuiti Matteo Ricci, na pamoja walitafsiri kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometri ya Euclid, kazi iliyotoka mwaka 1607. Serikali iliyotoa stempu ile ilimkumbuka kwa jembe na hesabu, nasi tunaweza kumkumbuka kwa vyote. Hakuacha kuwa Mchina alipobatizwa, wala hakuacha kuwa Mkristo alipohudumu serikalini. Kwa mwanafunzi wa falsafa anayeuliza kama imani na akili vinaweza kukaa katika kichwa kimoja, karatasi hiyo ndogo ni jibu zuri la kuanzia.

Reli ya Uhuru katika karatasi ndogo

Anayetaka kuanza kukusanya kwa mada moja badala ya kuokota kila kitu, tunampendekezea urafiki wa China na Afrika. Mada hii ina mwanzo wa mbali: mwaka 1985 China ilitoa seti ya kukumbuka miaka 580 ya safari za baharia Zheng He, ambaye meli zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 15, na mwaka 2005 ikatoa nyingine kwa miaka 600. Mwaka 1964 ilitoa stempu za Siku ya Uhuru wa Afrika.

Kisha kuna reli. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia ipate njia isiyopita katika nchi zilizotawaliwa na makaburu na walowezi. Mwaka 1976 Zambia ilitoa stempu za kufunguliwa kwa reli hiyo, na reli ilionekana pia katika seti ya usafiri wa reli iliyotolewa na nchi za Afrika Mashariki mwaka huo, karibu na mwisho wa ushirika wao wa posta, kwa maana Jumuiya ilivunjika mwaka 1977.

Ukiishika stempu kama hiyo, kumbuka kisichoonekana. Katika makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wamezikwa zaidi ya Wachina 60 waliofia Tanzania, wengi wao katika kazi ya reli. Watanzania na Wazambia nao walikufa kazini, na wao hawakuchorewa stempu. Mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu wote, hawa wamo.

Ina thamani gani? Tahadhari kwa wanaotoka kwenye machimbo

Kanda yetu inaelewa dhahabu. Gramu ni gramu, mizani ipo, na hata kipande kilichovunjika huyeyushwa kikauzwa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kila kitu cha kale hupimwa hivyo. Stempu haiko hivyo. Karatasi yenyewe haina thamani. Bei yake hutokana na mambo manne yakikutana: uchache, hali, uhalisi, na kuwapo kwa mtu anayeitaka. Likikosekana moja, bei huporomoka. Umri peke yake hautoshi, kwa maana zipo stempu za miaka 100 zinazouzwa kwa bei ya andazi, kwa sababu zilichapwa kwa mamilioni.

Ni kweli kwamba zipo za bei kubwa. Ile ya Mwaka wa Nyani, T.46 ya mwaka 1980, iliyochorwa na Huang Yongyu, iliuzwa posta kwa fen 8 na leo huuzwa kwa maelfu ya yuan. Lakini kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoghushiwa sana. Stempu za China za miaka ya mwanzo, 1949 na iliyofuata, zilichapwa tena rasmi kwa ajili ya wakusanyaji, na tofauti kati ya chapa ya kwanza na ya pili ni michoro midogo inayohitaji lenzi na kitabu. Vitabu vya orodha kama Stanley Gibbons na Michel hutoa bei, lakini bei ya orodha si bei utakayopewa mkononi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Usilipe ada yoyote kwa mtu anayesema atakutafutia mnunuzi. Usimkabidhi mtu stempu "akaipime" bila kuipiga picha mbele na nyuma na bila maandishi. Na usiuze siku ile ile unayoambiwa bei. Biashara ya haki hustahimili kusubiri wiki moja.

Namna ya kutunza

Adui wa karatasi kwetu ni mchwa, vumbi la kiangazi, unyevu wa masika na jua. Tumia bati lenye mfuniko, uliweke juu ya sakafu, mbali na ukuta wa udongo, na ulifungue mara kwa mara lipate hewa.

Kama stempu iko kwenye bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka, iache hapohapo. Bahasha, anwani na muhuri ndivyo vinavyosimulia. Kama ni kipande tu cha bahasha, kiloweke kwenye maji safi ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, mpaka stempu iachie yenyewe. Usiivute. Ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe safi isiyo na maandishi, ikaukie kivulini, kisha ibanwe ndani ya kitabu kizito. Usiloweke kipande cha bahasha nyekundu, kwa sababu rangi hutoka na kuichafua stempu. Usilowe wala kuosha stempu ambayo haijatumika.

Stempu nyingi za China za miaka ya zamani zilitolewa bila gundi nyuma, hivyo mgongo usio na gundi si dalili ya bandia. Usitumie selotepu, gundi ya maji wala pini. Na tunawasihi sana: usipeleke postikadi kufanyiwa laminesheni. Plastiki ile ya moto haitoki tena.

Mwisho, andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha: namba, nchi, mwaka, thamani, tukio, hali, na hasa safu ya mwisho, imetoka kwa nani na alifikaje kuwa nayo. Safu hiyo ya mwisho hakuna kitabu cha Ulaya kitakachoijaza kwa niaba yetu. Wazee wanaoijua ni wachache kila mwaka.

Tukumbuke pia kwamba barua ina mwenyewe. Kabla ya kusoma au kuonyesha ujumbe wa mtu, tuombe ruhusa yake au ya familia yake. Kama kuna neno la siri, tuufunge ujumbe na tuitunze bahasha.

Hazina na moyo

Msomaji anaweza kuuliza: je, mseminari au baba wa familia anayelea watoto ana sababu ya kukusanya vikaratasi? Bwana wetu katika Mathayo 6 anaonya juu ya hazina ambayo nondo huila na wezi huiiba, na hakuna hazina ambayo nondo huipenda kama karatasi. Onyo hilo linamhusu mkusanyaji moja kwa moja. Kipimo ni rahisi. Fedha ya ada ya shule ikigeuka kuwa stempu, tumepotea. Tukimwonea wivu mwenzetu kwa sababu ana ile tunayoikosa, stempu imeshaanza kutukusanya sisi.

Lakini Mathayo huyohuyo, katika sura ya 13, anamsifu mwenye nyumba atoaye katika akiba yake vitu vipya na vya kale. Tofauti iko katika kitenzi: anatoa. Mkusanyo unaofungiwa ni choyo. Mkusanyo unaofunguliwa mbele ya watoto wa katekesi, au wanafunzi wa historia, au wazee wanaotaka kukumbuka, ni huduma. Hauhitaji fedha. Kinachohitajika ni kupokea kilichopo, kubadilishana, na kueleza.

Kanisa huadhimisha Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli tarehe 29 Septemba. Gabrieli, aliyeupeleka ujumbe Nazareti, ni msimamizi wa watu wa mawasiliano na posta. Siku kumi baadaye, tarehe 9 Oktoba, ni Siku ya Posta Duniani, inayokumbuka kuundwa kwa umoja wa posta wa dunia huko Bern, Uswisi, mwaka 1874. Tunapendekeza siku hizo kumi za mwaka huu zitumike hivi: kila familia ifungue sanduku lake, imketishe mzee karibu, na iandike kwa penseli juu ya karatasi ya pembeni jina la aliyeandika kila barua na mwaka wake. Atakayepata yenye herufi za Kichina aanze na ile namba ndogo iliyo chini.

Mtakatifu Gabrieli Malaika Mkuu, utuombee.